Makhan Singh: Mgeni Aliyeshika Jembe

Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu apewe jembe. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Hata hivyo, mna fikra nyingine ndani yake: ashikaye jembe bega kwa bega na wenyeji huacha kuwa mgeni. Maisha ya Makhan Singh ni kielelezo cha fikra hiyo, na pia cha jinsi watawala wa kikoloni walivyoiogopa.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Gujranwala, eneo la Punjab ambalo leo liko Pakistan. Wakati huo, njia ya Wahindi kuhamia Kenya ilikuwa imekwisha kufunguliwa na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walipoteza maisha, wengi wakarejea kwao, na maelfu wachache wakabaki. Baada yao walikuja mafundi, makarani na wafanyabiashara waliojitafutia riziki wenyewe. Sudh Singh, babake Makhan, alikuwa miongoni mwa mafundi hao, na baadaye akafungua kiwanda cha kupiga chapa. Mwanawe alimfuata Nairobi mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 13.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa misingi ya rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Makao, shule na mishahara vilifuata ngazi hiyo. Mhamiaji wa Kihindi alishawishika kuilinda nafasi yake ya katikati na kumsahau aliye chini yake. Makhan Singh alikataa. Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na mwaka huohuo chama hicho kikafungua milango kwa watu wa rangi zote. Vipeperushi vyake vilitolewa kwa lugha za Kihindi na kwa Kiswahili pia. Mgomo wa mwaka 1937 mjini Nairobi, uliodumu takriban miezi miwili, uliwaletea wafanyakazi nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 15 na 22.

Mwishoni mwa mwaka 1939 alisafiri kwenda India, na huko Waingereza wakamkamata mwaka 1940. Aliporudi Kenya mwaka 1947, serikali ilitoa amri ya kumfukuza nchini. Hoja ya watawala ilikuwa nyepesi: huyu ni mtu wa kuja. Ajabu ni kwamba hoja hiyo ilitolewa na watu ambao wao wenyewe walikuwa wamevuka bahari. Mahakamani, amri hiyo haikufua dafu.

Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Kubai akawa rais, naye katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara uliofanyika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wengi walikuwa bado wakiomba marekebisho tu. Tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao Waafrika, waligoma wakitaka waachiliwe. Hapo ndipo ilipobainika kuwa wenyeji walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa mwenzao.

Alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 11, huko Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 1961. Uhuru alioudai ulipopatikana mwaka 1963, hakupewa cheo chochote cha maana serikalini. Badala ya kunung'unika, alishika kalamu, na mwaka 1969 kikachapishwa kitabu chake kuhusu historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya. Aliaga dunia tarehe 18 Mei 1973.

Historia ya taifa huandikwa vibaya pale inapouliza tu mtu alitoka wapi. Makhan Singh alitoka Punjab. Lakini miaka aliyoitoa kizuizini ilikuwa ni kwa ajili ya Kenya. Siku yake ya tatu ilipowadia hakungoja kupewa jembe. Alilishika mwenyewe, akalima shamba ambalo mavuno yake yaliliwa na wengine.