Hod Stuart, muchezaji wa miji ya mukuba: alistahili Nyumba ya Sifa?

Wasomaji wetu, leo tunawaletea habari ya mutu mumoja aliyekufa zamani sana mu inchi ya baridi. Alicheza muchezo ambao huku kwetu hatuujui, lakini mushahara wake ulitoka ku mukuba, sawa na mkate wa wengi kati yenu. Jina lake ni William Hodgson Stuart, na watu wote walimwita Hod. Yeye ni mumoja wa wachezaji tisa wa kwanza kuingizwa mu Nyumba ya Sifa ya hoki huko Kanada, mu mwaka wa 1945. Kuna watu wanaouliza mpaka leo kama heshima ile ilikuwa ya haki. Na sisi tunataka kuipima.

Kwanza tueleze muchezo wenyewe. Hoki ile inachezwa juu ya barafu, watu wamevaa viatu vyenye chuma kikali chini. Hakuna bal ya duara. Kuna kipande cha kaucu kigumu, bapa kama sahani ndogo, ambacho wanakisukuma na fimbo yenye kupinda. Siku zile kila ekipe ilikuwa na watu saba. Muchezo ulikuwa wa saa moja nzima, nusu saa mara mbili, na mutu hakutoka kupumzika kama hakuumia. Tena ilikatazwa kumupelekea mwenzako kaucu mbele. Ulipaswa kuibeba wewe mwenyewe, ao kuipitisha pembeni ao nyuma. Stuart alisimama mbele kidogo ya mulinzi wa mwisho. Kazi yake ilikuwa kuvunja mashambulio ya wengine, kisha kuchukua kaucu na kupanda nayo mbele. Alikuwa mutu murefu, mwenye nguvu, lakini juu ya barafu aliteleza kama mutu mwepesi.

Alizaliwa ku Ottawa mu mwaka wa 1879. Baba yake alikuwa mwenye kazi ya kujenga manyumba. Hod na mudogo wake Bruce walianza kucheza pamoja mu ekipe ya Ottawa, kisha wakaenda ku Québec. Wakati ule, mu Kanada, kulipwa juu ya kucheza kulikuwa haya. Wakubwa wa muchezo walisema kwamba muchezaji wa kweli anacheza kwa kupenda tu. Mu jimbo la Ontario, mutu aliyepokea feza alifukuzwa mu mashindano yao. Ni neno zuri kwa mutoto wa tajiri. Lakini mutu anayetumika kwa siku, akiacha kazi juma nzima kwenda kucheza mu mji mwingine, watoto wake watakula nini? Hapo wakubwa hawakuwa na jibu.

Basi wachezaji wakavuka mupaka. Ku Pittsburgh, mu Marekani, kulikuwa jumba kubwa lenye barafu iliyotengenezwa na mashini, na wenyewe walilipa wachezaji bila kujificha. Hod akaenda huko mu 1902, na ekipe yake ikapata ushindi wa mwaka ule. Nyuma yake akapanda kaskazini, mu jimbo la Michigan, ku inchi ya mukuba.

Hapa ndipo habari inatugusa sisi. Ule ulimi wa inchi unaoingia mu ziwa kubwa la Supérieur ulikuwa na mukuba mingi sana chini ya udongo. Wachimbaji walitoka Uingereza, Finland, Italia na inchi zingine za Ulaya. Walishuka mu mashimo marefu, na wakati wa baridi neige ilifunika manyumba. Miji yao ilikuwa Houghton na Calumet. Siku ya mapumziko walitaka kitu cha kufurahisha macho, na wenye mali wa pale walitaka jina la mji wao lisikilikane mbali. Daktari mumoja wa meno, John Gibson, mutu wa Kanada, akapanga ekipe ya Houghton, iliyoitwa Portage Lakes. Hod akaichezea mu 1903 na 1904, na ekipe ile ilishinda karibu michezo yake yote. Hata Wanderers wa Montréal walipofika kujipima nao, walirudi wamepigwa.

Mwaka ule wa 1904 ikazaliwa ligi ya kwanza ya hoki ambayo wachezaji wote walilipwa waziwazi. Ilikuwa na ekipe tano: Portage Lakes, Calumet, Pittsburgh, na miji miwili inayoitwa Sault Sainte Marie, mumoja Marekani na mumoja Kanada. Mufikirie kidogo: huku kwetu Union Minière ilizaliwa mu 1906. Basi ligi ile ilikuwa tayari na miaka miwili wakati kompani ilipoanza kufungua njia mu Katanga. Hod akachukuliwa na Calumet. Hakuwa muchezaji tu, aliongoza na ekipe, na mwaka wa kwanza wa ligi Calumet ikawa ya kwanza.

Lakini sifa yake ilimuletea na matata. Ekipe zingine zilinungunika kwamba anapokea feza mingi, kwamba ni mukali, kwamba kila mahali anapokwenda ushindi unamufuata. Ligi ikamusimamisha kwa muda mbele ya kumurudisha. Sisi tunajua namna ile: mutumishi akijua kazi sana, wengine hawasemi anajua kazi, wanasema analipwa sana. Mwisho wa mwaka wa 1906 alikuwa tena ku Pittsburgh. Akagombana na wakubwa juu ya marefa na juu ya ukali wa michezo, maana wachezaji walipigwa fimbo, damu ikatoka, na hakuna aliyeazibiwa vizuri. Hakunyamaza. Aliandika barua ku gazeti la Montréal kueleza hali ile, kisha akaacha ligi na kurudi Kanada, kwa sababu sasa ligi kubwa ya kule ilikuwa imekubali na wachezaji wa kulipwa.

Akaingia mu Wanderers, wale wale aliowapiga akiwa ku Houghton. Mu januari 1907 walipoteza Kombe la Stanley mbele ya Kenora, mji mudogo ulio mbali upande wa mangaribi. Mu marsi wakapambana tena ku Winnipeg. Wanderers wakashinda muchezo wa kwanza 7 kwa 2, wakashindwa wa pili 5 kwa 6, na kwa hesabu ya yote mawili kombe likarudi Montréal. Majina ya wachezaji wa mwaka ule yalichorwa ndani ya bakuli la kombe.

Miezi mitatu nyuma yake alikuwa ameshakufa. Alikuwa ku Belleville, akitumika mu kazi ya baba yake ya kujenga. Siku ya 23 juni 1907 akaenda kuoga na rafiki zake. Aliogelea mpaka mbali, akapanda mahali pa juu, akajitupa kichwa mbele. Maji yalikuwa mafupi, na chini kulikuwa mawe. Alikufa pale pale, mwenye miaka 28.

Alimuacha mujane na watoto. Wakati ule hakukuwa pension ya muchezaji, wala sanduku la kusaidia jamaa. Kumbe, wachezaji wenyewe wakafanya kile ambacho na sisi tunakifanya kukiwa kilio mu kambi: walikusanya. Siku ya 2 januari 1908, ku Montréal, Wanderers wakacheza na wachezaji wazuri waliochaguliwa kutoka ekipe zingine za ligi, na makuta ya mulango ikaenda kwa mujane. Ilipita dola 2,000. Watu wanaojua historia wanasema hapo ndipo ilianza desturi ya kukutanisha wachezaji bora mu muchezo mumoja. Leo mashindano ya namna ile ni sikukuu ya televizioni na matangazo. Ilianza kwa matanga.

Sasa tupime. Wanaokataa wako na maneno matatu. La kwanza, alicheza kwa feza. Hilo tunalitupa mara moja. Feza haimufanyi fundi kuwa fundi mubaya. Na wale waliokataza feza walikuwa wamekwisha kushiba.

La pili, alihamahama: Ottawa, Québec, Pittsburgh, Houghton, Calumet, tena Pittsburgh, Montréal. Ni kweli. Lakini hakukuwa kontra ya miaka mingi, na ligi yenyewe haikukaa: mu 1907 ilikufa. Mutu anafuata kazi pale iko. Nani kati yetu hana muzee aliyetoka mbali kufuata kazi ya mukuba?

La tatu lina uzito. Maisha yake mu muchezo yalikuwa mafupi, miaka isiyofika kumi, na ligi kubwa ya leo, ile ya NHL, ilizaliwa mu 1917, yeye akiwa kaburini tangu miaka kumi. Hesabu za mabao yake ni kidogo. Hata hivyo tunasema: mulinzi hapimwi kwa mabao peke yake. Mumupime kwa hili: Pittsburgh, Houghton, Calumet, Montréal, mahali pote pale aliona ushindi. Mara moja ni bahati. Mara ine mu miji ine, hapana, bahati haina miguu mirefu vile.

Tena mwaka ule wa 1945, Nyumba ya Sifa ilimuweka pamoja na Tommy Phillips, kapiteni wa Kenora, aliyepambana naye mu 1907. Wote tisa walikuwa wamekufa; hakuna aliyeweza kujitafutia nafasi kwa maneno. Wengine wa ligi ya mukuba walingojea sana: mudogo wake Bruce, na golikipa Riley Hern aliyecheza Portage Lakes na Wanderers, waliingia mu miaka ya 1960 tu. Na kuna wengi wa ile ligi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hukumu yetu ni hii: Hod Stuart alistahili, na si juu ya kufa kijana. Alistahili kwa sababu alicheza nafasi yake kuliko wengine wa wakati wake, na kwa sababu alisema waziwazi kwamba anayefanya kazi ngumu alipwe, na asivunjwe mifupa bure.

Ninyi wazee wa kambi, munaokumbuka watu waliocheza bal kwa jina la kompani na kesho yake asubui wakashuka kazini, muwaambie watoto majina yao. Nyumba ya Sifa ya Kanada ilingojea miaka 38 kuandika jina la Stuart. Sisi hatuna nyumba kama ile. Tuko na midomo yetu tu.