Joginder Singh, fundi aliyeshinda Safari kwa gari kuukuu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia hapa Bombolulu baada ya Magharibi. Aliegesha Toyota Celica yake mbele ya nyumba, akafungua boneti hata kabla hatujamaliza kuamkiana. Gari lenyewe ni la mwaka 1994. Alilinunua kwa akiba ya miaka mitatu, na sasa amepata pesa nyingine kidogo, anataka kulifunga tabo liwe na nguvu. Lakini gari hilo hilo ndilo linalompeleka kazini Changamwe kila siku ya Mungu: barabara ya Malindi, daraja la Nyali, kukata kisiwani, Makupa, na jioni kurudi katika foleni ile ile. Alitaka rai yangu, kwa kuwa mimi mjomba wake nilisomea diploma ya ufundi wa magari kabla ya kuingia katika uandishi.

Sikumwambia ndiyo wala la. Nilimsimulia habari za Joginder Singh, na nimeona niwasimulie na nyinyi, kwani vijana wetu wanayajua majina ya madereva wa Ulaya na Japani, lakini huyu wa hapa kwetu wengi hawamjui.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika jamii ya Makalasinga, mtoto wa fundi. Ufundi aliujua katika gereji ya babake Nairobi. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa ni kuzunguka barabarani kuwasaidia madereva waliokwama. Tusiipite hapo haraka. Mtu huyu, kabla hajajulikana kwa mbio, alilipwa mshahara kutazama ni kitu gani hasa kinacholaza gari njiani.

Mwaka 1959 aliingia mbio za Safari kwa mara ya kwanza, yeye na nduguye Jaswant, kwa Volkswagen, wakamaliza wa tisa. Safari ya siku hizo haikuwa mchezo. Ilikimbiwa wakati wa Pasaka, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi, na mvua ikinyesha vumbi lote likawa tope. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakawa 7 tena. Joginder alikuwa miongoni mwao mara zote mbili.

Mwaka uliompa jina ni 1965. Gari lake lilikuwa Volvo PV544, gari la mgongo wa kobe ambalo umbo lake lilianza kuchorwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Na hilo la Joginder halikuwa jipya hata kidogo. Lilikuwa limekwisha kimbizwa na timu ya kiwanda kabla ya kumfikia. Injini yake ilikuwa ya lita 1.8. Wenzake walikuwa na magari mapya zaidi. Joginder na Jaswant walishinda kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Walioona ushindi ule kama bahati, alikuja kuwajibu mwaka 1974. Safari hiyo aliendesha Mitsubishi Lancer ya sisi 1600, David Doig akiwa msomaji ramani wake, na aliyekuja nyuma yake ni Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911, gari lenye injini kubwa kuliko lake. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Watu walimwita Simba wa Kenya. Alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81.

Lakini hesabu niliyompa mpwa wangu aishike si hiyo ya ushindi mara tatu. Ni hii: Joginder aliingia Safari 22, akamaliza 19. Katika mbio zilizovunja magari kama vijiti, yeye alifika. Nguvu ya injini anaweza kuinunua yeyote mwenye pesa. Kufika kunataka fundi anayejua kitakachoharibika kabla hakijaharibika.

Basi tulirudi kwenye boneti na tochi ya simu. Mipira ya redieta imepasuka pasuka. Mabomba ya breki yana kutu. Chumvi ya bahari haina urafiki na chuma. Shokapu za nyuma zinavuja oili. Injini haijapimwa mgandamizo tangu ainunue. Tabo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa hiyo huja na joto na shinikizo. Lifunge kwenye injini iliyochoka, kisha likae kwenye foleni ya daraja la Nyali saa saba mchana mwezi wa pili, utaona gasketi itakavyolia. Na likipona joto, je, breki hizo zitalizuia likishateremka kwa kasi mpya?

Nikampangia hivi: kwanza redieta, mipira yake na feni. Pili breki. Tatu shokapu, bushi na matairi. Nne apime mgandamizo, abadilishe plagi, asafishe nozeli. Huenda nguvu anayoitafuta ilikuwemo humo humo, imezibwa na uchafu. Kisha, pesa ikibaki na injini ikiwa nzima, tuzungumze habari ya tabo.

Hakufurahi. Alisema marafiki zake watamcheka, ametumia pesa zote na gari halijabadilika sauti. Nikamwambia wacha wacheke. Mke wake ana mimba ya miezi sita, na gari hilo ndilo litakalompeleka hospitali usiku huo ukifika.

Alifunga boneti taratibu, akaniaga. Jumamosi alirudi na redieta mpya, kanzu ameivua, fulana ya kazi mwilini. Tulifanya kazi hadi adhana ya Alasiri.