Ibn Khaldun: mkusanya kodi aliyeeleza kwa nini raia hufukarika

Jina la Ibn Khaldun wengi wetu tumelisikia darsani au kwenye mihadhara ya Ramadhani, likipangwa safu moja na Ibn Sina na Imam Ghazali kuonyesha kwamba Waislamu nao walikuwa na wajuzi wao. Likapigiwa takbira, likaachwa hapo. Nilipokuwa nikisomea diploma ya maendeleo ya jamii, mwalimu wetu alianza na Mfaransa, akaja kwa Mjerumani, wote watu wa miaka ya 1800. Baadaye nilipoisoma Muqaddima kwa tafsiri ya Kiingereza nilikuta mtu wa Tunis aliyekufa mwaka 1406 anaeleza mambo tuliyoyakariri kwa majina ya wengine: mali yatoka wapi, kwa nini mji mmoja una neema na wa pili una njaa, na vipi dola huwakamua watu wake mpaka nayo ikaporomoka.

Nataka kusimulia maisha yake, maana fikra zile hazikushuka kutoka hewani. Alizipata kazini, na kazi zenyewe si zote za kujivunia.

Alizaliwa Tunis mwezi mosi Ramadhani 732 hijria, ambayo ni Mei 1332. Mwaka mmoja kabla, Ibn Battuta alikuwa amepita huku kwetu, akalala Mombasa usiku mmoja akielekea Kilwa. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, ndiyo maana jina lake huishia al-Hadhrami, na hapa Pwani wako wengi watakaosema huyu basi ni wa kwetu. Wazee wake walihamia Andalusia, wakawa watu wakubwa Seville, kisha wakauhama mji huo kabla haujatekwa na Wakristo mwaka 1248. Huko Tunis mmoja wa mababu zake alishika hazina ya dola, akateswa na kunyongwa na mtu aliyeupora utawala. Babake mzazi aliiona siasa ina miba, akashika vitabu.

Kijana naye alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi ya Maliki, lugha na mantiki. Kisha ikaja tauni. Miaka ya 1348 na 1349 iliwachukua babake, mamake na wengi wa walimu wake. Hakuwa ametimiza miaka 18. Baadaye katika Muqaddima alieleza jinsi maradhi yale yalivyoikumba miji ya mashariki na magharibi, majumba yakabaki matupu na njia zikafutika, kiasi kwamba aliona dunia imebadilika kabisa na inahitaji mtu wa kuiandika upya.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukarani. Alipokuwa na miaka 20 hivi aliajiriwa kuandika alama ya sultani juu ya barua za dola, maneno ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa hati kubwa nzuri. Haikumkalia moyoni. Akaenda Fez kwa Sultani Abu Inan, akaingia kwenye baraza la maulamaa, na papo hapo akaingia kwenye njama. Mwaka 1357 alitiwa gerezani, akakaa humo karibu miaka miwili hadi sultani alipokufa. Kutoka hapo maisha yake kwa miaka mingi ni kuhama kutoka ikulu hii kwenda ile. Leo yuko na huyu, kesho na adui wa huyu. Wanaomsifu hupenda kulipita hili haraka. Mimi naona ndilo lililomfundisha, kwa sababu aliingia jikoni mwa watawala wengi akaona chungu kinavyopikwa.

Mwaka 1364 mfalme wa Granada alimtuma Seville kwa Pedro, mfalme wa Castile. Pedro alimwambia abaki, atarudishiwa mali ya wazee wake. Akakataa. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa shughuli zote za sultani wa Bijaya, kwenye pwani ya Algeria ya leo, na hapo ndipo penye kisa ambacho kwangu ni ufunguo. Makabila ya Waberberi wa milimani yalikuwa hayajalipa kodi kwa miaka kadhaa. Ibn Khaldun alipanda milimani mwenyewe, akachukua watu rehani mpaka kodi ikatoka. Mtu aliyeandika baadaye kwamba dhuluma huleta uharibifu wa ustaarabu alikuwa amesimama upande wa mwenye kutoza. Alimjua mkulima aliyefichwa na tarakimu, maana alimfikia mlangoni.

Mwaka 1375, akiwa na miaka 43, alichoka. Akajificha na jamaa zake katika ngome ya Ibn Salama, bara ya Algeria, chini ya ulinzi wa kabila la Kiarabu la Banu Arif. Alikaa pale karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, akaimaliza rasimu ya Muqaddima, utangulizi wa historia yake kubwa. Miezi mitano!

Humo ndani kuna mengi, lakini nitashika yale ya tumbo na mfuko. Alisema binadamu mmoja hawezi kujilisha. Hata mkate tu unataka mkulima, mfua chuma wa jembe, seremala, msagaji na mwokaji. Wakishirikiana, chakula kitokacho huwatosha watu wengi kuliko idadi yao. Ile ziada ndiyo neema ya mji. Basi mali kwake si dhahabu iliyofukiwa. Mali ni kazi ya watu, na thamani ya kitu hutokana na kazi iliyoingia ndani yake.

Akatoa mfano ambao sijausahau. Huko Fez aliwaona waombaji, siku za Idi ya kuchinja, wakiomba fedha ya kununulia mnyama wa udhiya. Walikuwa wakiomba nyama, samli, nguo, hata vyombo vya jikoni kama chekeche. Angeomba hivyo mwombaji wa Tlemcen au Oran, asema, angekaripiwa na kufukuzwa. Hakusema kwamba watu wa Fez wana imani zaidi. Alisema Fez kuna watu wengi na kazi nyingi, kwa hivyo hata masikini wake ana daraja ya juu kuliko masikini wa mji mdogo. Aliutazama ufukara kwanza kama hali ya mji, kabla ya kuutazama kama aibu ya mtu. Sisi bado twasikia barazani kwamba kijana wa Pwani hana kazi kwa sababu ni mvivu.

Kisha likaja la kodi. Dola ikiwa changa, asema, hutoza kidogo, watu wakapata hamu ya kulima na kuuza, na hazina ikajaa. Dola ikizeeka, starehe za wakubwa huongezeka, askari hutaka zaidi, kodi mpya hubuniwa kila msimu, ushuru ukawekwa hadi milangoni pa masoko. Mkulima na mfanyabiashara wakipiga hesabu wakaona hakuna kinachobaki, huiacha kazi. Kodi ni kubwa na mapato ni madogo. Mtawala akiishiwa zaidi huingia mwenyewe sokoni: hununua kwa bei ya chini kwa sababu hakuna awezaye kumpinga, kisha huwalazimisha wachuuzi wanunue kwake kwa bei aitakayo. Mchuuzi mdogo hufilisika pale pale. Na mojawapo ya dhuluma kubwa kabisa kwake ni kumfanyisha mtu kazi bila malipo, kwa kuwa masikini hana kingine ila kazi yake, na ukiichukua bure umemchukulia maisha.

Shangazi yangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kando ya njia. Karani wa ushuru alipita kila asubuhi na kitabu chake cha tikiti, siku ya mauzo na siku ya mvua sawasawa, kabla hajauza hata la kwanza. Sikujua wakati ule kwamba jambo hilo lilikuwa limekwisha andikwa miaka 600 nyuma.

Mwaka 1981 Rais wa Marekani Ronald Reagan alimtaja Ibn Khaldun alipokuwa akitetea kupunguza kodi, na tangu hapo wako wanaomfanya wakili wa matajiri. Huko ni kumsoma nusu. Yeye yule aliandika pia kwamba dola ndiyo soko kubwa kuliko yote, na mtawala akiifungia fedha asiitumie kwa watu, masoko yote hudorora. Na aliandika juu ya jaha, yaani cheo na heshima. Mwenye cheo, asema, hutajirika bila mtaji, kwa sababu watu humfanyia kazi na kumpa zawadi ili awafae au asiwadhuru. Anayekataa kujikomba kwa wakubwa hubaki fukara hata awe na ujuzi gani. Nani hapa hajamwona mtu wa namna zote mbili?

Liko na dogo ambalo naliweka kwa ajili ya maimamu na waadhini wetu. Ibn Khaldun alidai kwamba watumishi wa dini, kadhi, mufti, mwalimu, imamu na mwadhini, kwa kawaida hawatajiriki, kwa sababu watu wa kawaida hawaoni haja yao kila siku kama waonavyo haja ya mchinjaji. Mjuzi mmoja akambishia. Bahati ikamwangukia: akapata karatasi za hesabu za jumba la Khalifa Maamuni, zikiwa na mishahara ya makadhi, maimamu na waadhini. Akamwonyesha, na yule akakubali. Hata Baghdad katika enzi yake!

Siwezi kumsifu nikanyamaza hapa. Kuhusu watu weusi wa kusini, Ibn Khaldun aliandika maneno ya dharau, akawashusha karibu na wanyama, na hakuwahi kufika kwao. Alikanusha kwa haki uzushi kwamba weusi ni laana ya mtoto wa Nuhu, akasema rangi yatokana na jua na hali ya hewa. Lakini tabia nazo akazitia humo humo kwenye hali ya hewa. Wakati akiandika, Kilwa ilikuwa na msikiti mkubwa wa mawe, na Ibn Battuta alikwisha usifu mji ule. Habari za msafiri huyo alizijua, na katika Muqaddima ametaja jinsi watu wa Fez walivyozishuku. Msomaji wa Pwani amsome huku akilijua hilo, asilifunike.

Mwaka 1382 alipanda jahazi kwenda Iskandaria, akafika Cairo, akaustaajabia ukubwa wake. Akasomesha al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamfanya kadhi mkuu wa Maliki. Aliwaandama mashahidi wa kukodiwa na makarani waliouza hati, hasa walioharibu mali ya wakfu, na hakusikiliza barua za wakubwa. Maadui wakamzunguka. Mwaka huo huo merikebu iliyowaleta mkewe na wanawe kutoka Tunis ilizama. Kabla mwaka haujapita sana akaondolewa kazini. Mwaka 1387 alikwenda kuhiji. Ukadhi alipewa na kunyang'anywa tena na tena, jumla akaupata mara sita.

Akiwa na miaka 68 alijikuta Damascus, imezingirwa na jeshi la Timur. Januari 1401 aliteremshwa ukutani kwa kamba, akaenda hemani kwa mtu aliyeogopwa na dunia nzima. Alikaa naye siku 35 hivi, wakazungumza kuinuka na kuanguka kwa dola. Alimpelekea Qur'ani, mkeka wa kuswalia, nakala ya Kasida ya Burda, hii hii yetu, na visanduku vya halua ya Misri. Timur akamtaka amwandikie habari za nchi za Maghrib, akaandika. Mji haukuokoka: uliporwa, na msikiti wa Bani Umayya ukaungua. Njiani akirudi, wanyang'anyi walimvua kila kitu.

Alikufa Cairo Machi 1406, mwezi wa Ramadhani kama alivyozaliwa, akiwa bado kadhi. Wakamzika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr, na leo hakuna ajuaye kaburi lake ni lipi.