Ajayi Crowther: Mtoto Aliyeuzwa Akarudi na Neno

Mpendwa, wiki hii tumkumbuke Askofu Samuel Ajayi Crowther wa Nigeria.

Mwaka 1821 kijiji chake cha Osogun, nchi ya Wayoruba, kilivamiwa na wateka watumwa. Ajayi, kijana mdogo tu, alifungwa kamba pamoja na mama yake na ndugu zake, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa mara kadhaa, mwisho akatiwa ndani ya meli ya Wareno. Mwaka 1822 meli za kivita za Waingereza zikaikamata ile meli, naye akashushwa Sierra Leone akiwa huru, lakini bila mtu wa kwao.

Kumbe hakuwa peke yake! Freetown ilijaa watu waliookolewa vivyo hivyo. Walianza upya pamoja: wakajenga, wakasali, wakasomesha watoto. Ajayi akabatizwa 1825, na 1843 akawekewa mikono London awe mchungaji.

Huku nyumbani vita havikuisha. Waegba waliopoteza miji yao walikimbilia kwenye mwamba wa Olumo, na mji wao ukaitwa Abeokuta, yaani chini ya mwamba. Hata wale wa Sierra Leone wakaanza kurudi huko. Crowther naye alifika 1846 kuhubiri, na baada ya majuma machache mama yake akaletwa kwake. Hebu fikiria, miaka 25! Walishikana, wakatazamana, maneno yakakosekana. Mwaka 1848 mama akabatizwa, akaitwa Hana. Mama wa Samweli, aitwe nani mwingine?

Mwaka 1864 Crowther alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Aliongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Uzeeni alionja uchungu: wamisionari vijana kutoka Ulaya waliwasuta wasaidizi wake na kumsukuma kando. Alilala 31 Desemba 1891, na aliyeshika nafasi yake alikuwa Mzungu. Lakini Neno lilikuwa limeshaingia katika lugha ya watu, na hilo hakuna kamati ingeweza kulifuta.

Ndugu, wapo kati yetu waliowahi kukimbia makwao usiku, wakaacha shamba na nyumba. Mungu hakumrudishia Ajayi Osogun yake. Alimpa watu wa kuanza nao, kisha akamtuma kwa wale waliobaki.

Swali la ushirika wa nyumbani: ni nani amehamia karibu nawe juzi, akiwa hana mtu? Mtembeleeni kabla ya Jumapili.