Fisher, mtakwimu aliyeingiza kura shambani

Mwenye shamba la mikarafuu huko Wete akitaka kupima mbolea mpya, atashawishika kuijaribu kwenye miti iliyo karibu na njia, au ile anayoiona ina afya. Miti hiyo ikizaa vizuri, hatajua sababu ni mbolea au udongo. Aliyeupatia utafiti wa kilimo dawa ya tatizo hilo ni Mwingereza Ronald Fisher.

Alizaliwa London mwaka 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu, hivyo alizoea kufanya hesabu kichwani. Mwaka 1919 aliajiriwa Rothamsted, kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1843, ambako rekodi za mavuno ya ngano zilikuwa zimelundikana. Hapo ndipo alipoanza kudai kwamba vipande vya shamba la majaribio vigawanywe kwa kura, si kwa jicho la mtafiti.

Ugumu wa kura ni huu: namba iliyokwisha kutoka isitoke tena. Mwaka 1938, Fisher na Frank Yates walichapisha majedwali yenye njia rahisi. Andika namba zote, chagua moja kwa bahati nasibu, ikate, kisha hesabu zilizobaki tu. Richard Durstenfeld aliigeuza kuwa ya kompyuta mwaka 1964.

Shamba la mistari 20 yenye miti 30 kila mmoja lina miti 600, nayo hupewa namba 0 hadi 599. Ikitoka 437, gawanya kwa 30: jibu ni 14, baki 17. Huo ni mstari wa 15, mti wa 18, na hautatajwa mara mbili.

Hakuwa malaika. Alibisha kwamba sigara husababisha saratani, na alitetea nadharia ya kuboresha vizazi vya binadamu, jambo lililokifanya chuo chake cha Cambridge kuliondoa dirisha la kumbukumbu yake mwaka 2020. Alifariki Adelaide, Australia, mwaka 1962.

Miaka 40 baadaye kura yake ilifanya kazi Pemba. Watoto wadogo zaidi ya 24,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine vidonge visivyo na dawa. Ilitarajiwa vingewasaidia. Kumbe waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki zaidi, kisiwa kikiwa na malaria nyingi, na Agosti 2003 vidonge hivyo vikasitishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria.