Thomas Odhiambo: Msomi wa wadudu ambaye kazi yake ilifika mashamba ya Kitale

MKULIMA wa Kitale au Bungoma anapotia dawa ya chengachenga kwenye moyo wa mmea wa mahindi ili kumuua kiwavi atoboaye shina, hesabu yake huishia hapo: kiwavi afe, mahindi yapone. Lakini mvua ikinyesha, sehemu ya dawa hiyo huteremka hadi udongoni, makao ya nyungunyungu, jongoo, mchwa na viumbe wengine wadogo wasioonekana kwa urahisi. Hao nao hufa, wala hakuna anayewahesabu.

Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyefariki Nairobi mnamo Mei 26, 2003 akiwa na umri wa miaka 72, aliitilia shaka hesabu hiyo. Alishikilia kwamba Mwafrika hatamshinda mdudu mharibifu kwa sumu ya kuagizwa pekee. Sharti kwanza amjue mdudu huyo anavyozaa, anavyokula na anayemla.

Alizaliwa Mombasa mnamo Februari 4, 1931, akasomea Shule ya Maseno na baadaye Makerere. Aliajiriwa na idara ya kilimo nchini Uganda, na huko akaanza kuchapisha maelezo ya kisayansi kuhusu kunguni wanaofyonza mimea. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, alikofundishwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu. Shahada yake ya uzamifu aliipata mwaka 1965 kwa utafiti kuhusu uzazi wa nzige wa jangwani.

Angeweza kubaki Uingereza. Alirudi Nairobi kufundisha, na mwaka 1967 akachapisha makala katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa waliomuunga mkono ni mkemia Carl Djerassi wa Marekani, anayejulikana kwa mchango wake katika uvumbuzi wa tembe za kupanga uzazi. Mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kikazaliwa katika majengo ya kawaida tu pale Chiromo. Maprofesa wa ng'ambo walikuja kuongoza utafiti kwa vipindi, huku vijana wa Kiafrika wakifanya kazi maabarani mwaka mzima. Makao makuu yalipohamia Kasarani yalipewa jina Duduville, jina ambalo mwandishi huyu huliona kuwa la kejeli tamu: dudu, kiumbe cha kupondwa kwa kiatu, kajengewa mji.

Tangu mwanzo mchwa walikuwa katika orodha ya viumbe waliochunguzwa, pamoja na mbung'o, kupe, mbu na viwavijeshi. Jambo hilo si dogo. Mchwa hutafuna mimea ya mkulima, lakini ndiye pia alimaye udongo, auchimbie njia za hewa na kuzika majani makavu. Ukimmaliza, umemfukuza kibarua asiyedai mshahara.

Je, madhara ya dawa kwa viumbe hao hupimwaje? Kipimo kinachotumiwa sana duniani huwaweka nyungunyungu katika udongo wa kutengenezwa, asilimia 70 ukiwa mchanga, katika joto la nyuzi 20. Kile cha uzazi huchukua siku 56: baada ya siku 28 wakubwa huondolewa, kisha baada ya siku 28 nyingine watoto huhesabiwa. Majaribio ya shambani huendelea kwa takriban mwaka mmoja ili kuona kama idadi imerejea. Hapa ndipo penye utata. Nyungunyungu atumiwaye maabarani hupendelea mboji na samadi, wala si mwenyeji wa shamba la mahindi la Bungoma. Tena kupona hutegemea jirani: viumbe hurudi kutoka kingo na vichaka ambavyo havikunyunyiziwa, na kijiji kizima kikinyunyizia kwa wakati mmoja, watatoka wapi?

Wala idadi pekee haitoshi. Imewahi kuonekana baada ya DDT kutumiwa kwamba baadhi ya wadudu wadogo wa udongoni waliongezeka. Si kwamba dawa iliwanufaisha, bali iliwaua utitiri waliokuwa wakiwala. Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986.

Odhiambo aliuacha ukurugenzi wa ICIPE mwaka 1994, akafuatwa na Hans Herren. Wakati huo, katika kituo cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, utafiti uliokuja kuitwa Vuta Sukuma ulikuwa umeanza chini ya Zeyaur Khan, kwa ushirikiano na Rothamsted ya Uingereza. Nyasi za napia kwenye kingo humvuta nondo. Desmodiamu iliyopandwa kati ya mistari humsukuma nje, na mizizi yake hudhibiti kiduha, gugu ambalo limewatesa wakulima wa magharibi mwa Kenya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mbinu hiyo ilikuwa ikijaribiwa katika mashamba ya wakulima wa Suba na Trans Nzoia. Watafiti waliotega mitego ardhini katika eneo la Ziwa Victoria walipata buibui wengi zaidi katika vipande hivyo kuliko kwenye mahindi yaliyopandwa peke yake.

Kisha mwaka 2017 akaingia kiwavijeshi wa Amerika, na Trans Nzoia na Bungoma zikawa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kuvamiwa. Wakulima walikimbilia pampu za kunyunyizia, na ni vigumu kuwalaumu, kwani karo ya watoto ilikuwa ikiliwa mbele ya macho yao. Mwaka uliofuata, watafiti wa kituo alichokianzisha Odhiambo walichapisha matokeo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania: katika mashamba ya Vuta Sukuma, viwavi kwa kila mmea walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80.