Peter Cameron Scott wa Nzaui: Mmisheni Aliyekataa Kuombaomba

Ukipita sehemu za Machakos Jumapili adhuhuri, ibada ikiwa imekwisha, si ajabu kukuta mnada nje ya kanisa. Kuku amefungwa miguu, mkungu wa ndizi uko chini, mayai yamo kikapuni, na pengine pana mbuzi. Asiyekuwa na fedha ametoa alichojaliwa, mwenye fedha anakinunua kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, na pato laingia katika mfuko wa kanisa. Huo ni mbali na harambee za kujenga makanisa na shule, ambazo wakubwa wa serikali wamezizoea sana.

Ajabu ni kuwa madhehebu yaliyoenea mno katika Ukambani, yaani African Inland Church, chanzo chake ni kijana mmoja ambaye katika jambo la fedha alishika njia nyingine kabisa. Yeye hakuwataka watu wachangishwe, hakutaka kukopa, wala hakumwahidi mtu mshahara. Jina lake ni Peter Cameron Scott. Alikufa Desemba 4, 1896, akiwa na umri wa miaka 29, na alikuwa amekaa katika bara ya Kenya kwa mwaka mmoja tu.

Scott alizaliwa Glasgow, katika Uskochi, mwaka 1867. Alipokuwa mtoto wa miaka 12 wazazi wake walihamia Marekani, wakakaa katika mji wa Philadelphia. Alijaliwa sauti nzuri, na katika ujana wake alitamani kuwa mwimbaji wa jukwaani. Wazazi wake, watu wa dini kali, hawakupendezwa. Yasimuliwa kuwa siku aliyokwenda kutafuta kazi ya uimbaji alifika mpaka kwenye ngazi za jumba lenyewe, akasita, kisha akageuka akarudi. Tangu siku hiyo aliyatoa maisha yake kwa kazi ya dini.

Alisomea umisheni New York katika chuo cha mhubiri A. B. Simpson, na mwaka 1890 akatumwa Kongo. Baada ya miezi michache ndugu yake John alimfuata, lakini hakuishi. Homa ilimuua, na ikawa Peter mwenyewe ndiye aliyemtengenezea jeneza na kumchimbia kaburi. Yeye naye aliugua hata mwaka 1892 ikabidi achukuliwe kupelekwa Uingereza, akiwa hoi. Huko London aliingia katika kanisa kuu la Westminster, akapiga magoti kwenye kaburi la Livingstone. Hapo ndipo alipoazimia kurudi Afrika, na safari hii kwa upande wetu wa mashariki.

NJIA YA FEDHA

Mwaka 1895, huko Philadelphia, iliundwa Africa Inland Mission. Ili tufahamu chama hicho, yatupasa tutazame namna misheni zilivyokuwa zikipata fedha wakati ule.

Misheni nyingi zilikuwa na kamati Ulaya, wafadhili walioandikwa madaftarini, na mishahara iliyojulikana. Mfano uliokuwa karibu kabisa na Scott ni misheni ya Waskoti ya Kibwezi, iliyoanzishwa mwaka 1891 chini ya Dakta James Stewart. Nyuma ya misheni hiyo alisimama Sir William Mackinnon pamoja na matajiri wenziwe wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kampuni ile ile iliyokodi pwani yetu kwa Sultani wa Zanzibar. Fedha haikuwa taabu kwao.

Scott alifuata mwendo mwingine, mwendo wa George Müller na Hudson Taylor. Müller aliwalea mayatima kwa maelfu katika mji wa Bristol, na alisifika kwa kutomwomba mtu yeyote hata senti. Akihitaji mkate, alimwomba Mungu. Taylor naye aliianzisha misheni yake ya bara ya China mwaka 1865 kwa kanuni hizo hizo. Hata jina ambalo Scott na wenziwe waliipa misheni yao lafanana na la Taylor. Mmisheni wa namna hii aliondoka kwao bila ya kujua mwezi ujao atakula nini. Kikija, kiligawanywa; kisipokuja, walivumilia.

Msomaji Mwislamu hatoliona jambo hili kuwa geni. Tawakali twaijua, na tumefundishwa tangu vyuoni kuwa mkono utoao una daraja kuliko mkono upokeao. Twawajua pia walimu wa madrasa waliosomesha umri wao wote kwa kile walichojaliwa wazazi wa watoto. Lakini wazee wetu walikuwa na wakfu: nyumba, duka au shamba la minazi, lililofungwa kwa ajili ya msikiti ili taa isizimike. Scott hakuwa na wakfu wala shamba.

KUTOKA MOMBASA HADI NZAUI

Agosti 1895 aliondoka New York pamoja na wenziwe saba, na miongoni mwao alikuwa dada yake Margaret. Walifika Mombasa mnamo Oktoba. Wakati huo pwani ilikuwa katika msukosuko mkubwa. Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi mikononi mwa Kampuni, na Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa vitani nao, vita vilivyoendelea hata Aprili 1896. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa.

Hapo ndipo tawakali ilipokutana na hesabu. Safari ya bara ilihitaji wapagazi, na kila mpagazi alichukua ratili 60 hadi 70 kichwani, kwa ujira. Sarafu haikuwa na kazi kubwa huko bara. Chakula kilinunuliwa kwa merikani, shanga na masango. Kwa hiyo hata mtu aliyeichukia biashara ilimlazimu aingie madukani Mombasa, apatane bei, na afungashe mizigo ya bidhaa kama tajiri yeyote wa msafara. Waliikata nyika ya Taru, na mnamo Desemba 1895 wakafika Nzaui, penye mlima unaoonekana kwa mbali. Nzaui ilikuja kuhesabiwa katika wilaya ya Machakos. Leo iko Makueni.

Scott hakuwa wa kwanza kuhubiri Ukambani. Dakta Krapf alikwisha kufika mwaka 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, na Walutheri wa Kijerumani walikuwa Ikutha kabla yake. Lakini Scott alikwenda mbio. Katika mwaka mmoja vilisimama vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Nyumba zilijengwa, lugha ikasomwa, wagonjwa wakatibiwa. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu maili zipatazo 2,600. Mnamo 1896 wazazi wake pia walikuja, pamoja na dada yake mwingine, Ina.

Shabaha yake haifai kufichwa kwa wasomaji wetu. Scott alitaka kupanga mlolongo wa vituo kutoka pwani hii mpaka Ziwa Chad, na sababu mojawapo ilikuwa kuuzuia Uislamu usiteremke kusini zaidi. Kwa hiyo hakuja kama rafiki wa dini yetu. Hata hivyo uadilifu ni amana, na asiyekuwa wa kwetu pia hupewa haki yake anapotajwa.

MAUTI NA DENI LISILOLIPIKA

Mwisho wa 1896 Scott alishikwa na homa ile inayougeuza mkojo ukawa mweusi. Mwili wake, uliochoka tangu Kongo, haukustahimili. Alifia Nzaui. Wenziwe, mmoja baada ya mwingine, ama walikufa ama waliondoka. Kisha ikaja njaa kuu ya 1898 na 1899, pamoja na ndui, na Wakamba wengi sana wakaangamia. Ilidhaniwa kuwa misheni ile imekwisha.

Lakini Waskoti wa Kibwezi, wenye matajiri nyuma yao, nao homa iliwaandama hivyo hivyo. Mwaka 1898 walipaacha mahali pale wakahamia Kikuyu. Mbu hakuuliza nani analipwa na kampuni na nani anaishi kwa dua.

Kilichoiokoa misheni ya Scott ni watu wengine waliotokea Marekani, wakiongozwa na Charles Hurlburt. Mwaka 1903 makao makuu yalihamia Kijabe, karibu na reli. Machakos, ambako John Ainsworth alikuwa ameketi kama mkuu wa serikali, ilipata kituo chake pia. Bwana Ainsworth huyo ndiye aliyemwoa Ina, dada yake Scott. Mwaka 1962 chuo cha wahubiri kilifunguliwa Machakos kikapewa jina la Scott, na mwaka 1971 Waafrika wakaikabidhiwa kazi yote ya misheni nchini.

Sasa lipo swali ambalo halikwepeki. Je, Scott kweli hakuomba? Tangu mwaka 1896 misheni ilikuwa na jarida lake Marekani, likiitwa Hearing and Doing, na barua zake zilichapishwa humo. Zilieleza safari, homa na kazi, na wasomaji wake walikuwa ndio hao hao watoaji. Baadaye misheni iliiweka kanuni hii wazi: mahitaji yaelezwe, lakini fedha isiombwe. Mwenye shaka atasema kuwa anayesimulia njaa yake mbele ya aliyeshiba amekwisha kuomba. Shaka hiyo ina nguvu. Lakini ipo tofauti. Anayesimulia amemwachia msikiaji hiari yake. Anayetaja jina lako mbele ya umati, akangoja useme kiasi gani, ameichukua hiari hiyo.

Na tofauti hiyo imekuwa jambo la taifa zima. Mwaka 2024, baada ya vijana wa Kenya kulalamikia wanasiasa wanaomwaga fedha madhabahuni, serikali ilitangaza kuwakataza watumishi wake kushiriki harambee, na kabla mwaka haujaisha Kanisa Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais mwenyewe. Wala sisi tusijitie pembeni tukacheka. Misikiti yetu pia hujengwa kwa michango, na waheshimiwa huja na bahasha zao zikitangazwa kwa kipaza sauti.

Mwanamke wa Kangundo anayeleta mayai sita mnadani hana lawama; ametoa cha jasho lake, na hakuna anayemdai. Wenye hesabu ya kutoa ni wale wanaopokea. Scott aliwaacha wafuasi wake bila ya akiba, na wengine walilipa kwa maisha yao. Hilo ni kosa ambalo hata wampendao hawawezi kulifuta. Lakini hakumwacha hata mmoja akiwa mateka wa tajiri. Alipofukiwa Nzaui, hapakuwa na mfadhili aliyeweza kusimama akadai kuwa kazi ile ni mali yake.